Tuwafunze ujumbe, si jina la tarishi

Wahenga walinena kwamba mjumbe hauawi. Walikusudia kutuonya tusimwadhibu aliyetumwa kwa sababu ya uchungu wa habari alizozibeba. Hata hivyo, hakuna mhenga aliyesema kwamba mjumbe haulizwi. Tarishi akirejea hukalishwa kitako, akaulizwa: Je, ulifika? Ulimkuta mwenyewe? Alikujibu nini? Mtu anayemtuma tarishi kisha asimwulize maswali hayo, bali akatoka nje na kuutangazia umma kwamba ujumbe umepokelewa, huyo si mtumaji. Huyo ni mzushi.

Nimeanza kwa maneno haya kwa sababu ya mama mmoja, jirani yangu, ambaye masaibu yake yamenifunza jambo ambalo miaka yangu yote ya kushika chaki haikuwa imenifunza.

Mama huyu ni mjane. Huuza mboga kando ya barabara, na bintiye yumo katika shule ya upili. Alipata habari kwamba shirika moja lilikuwa likitoa basari kwa watoto waliofiwa na wazazi, na kwamba maombi yalipokelewa kupitia tovuti pekee. Jioni moja yeye na bintiye wakaketi na simu, wakaijaza fomu neno kwa neno, wakakipiga picha cheti cha kifo cha marehemu baba, wakakiambatisha, kisha wakabofya mahali palipoandikwa "Tuma". Ukurasa ukawajibu kwa adabu: "Asante. Ombi lako limepokelewa." Mama akamshukuru Mola, akangoja.

Majina yalipotangazwa, la binti halikuwamo. Mama akafunga safari hadi ofisini. Karani akapekua, akapekua tena, kisha akamwambia kwamba hakuna ombi lolote lililowahi kufika kwa jina hilo. Mama alipoapa kwamba alijibiwa "Asante", karani alimtazama jinsi mtu anavyomtazama mwongo.

Alinijia kwa kuwa anajua nafunza somo la tarakilishi. Nami nikamwita kijana mmoja niliyepata kumfunza, ambaye sasa hujipatia riziki kwa kuunda tovuti. Awamu nyingine ya maombi ilikuwa imefunguliwa. Kijana akaiweka kipakatalishi chake mezani kwangu, akaifungua fomu ile, akaijaza upya na kuambatisha picha ile ile. Lakini kabla ya kubofya "Tuma" alifungua dirisha ambalo watu wengi hawajui kwamba limo ndani ya kivinjari chao, dirisha linaloonyesha kila ombi linalotoka na kila jibu linaloingia. Akabofya. Juu ya ukurasa yakatokea maneno yale yale ya adabu: "Asante. Ombi lako limepokelewa." Chini, katika dirisha lile, ukatokea mstari mwekundu wenye nambari 413.

Kwa wasiojua, 413 ni jibu la seva linalosema: mzigo uliouleta ni mkubwa mno, sikuupokea. Simu ya mama ilikuwa imepiga picha nzito kuliko kiwango ambacho seva iliruhusiwa kupokea. Seva haikuficha lolote. Ilikataa, na ikaeleza sababu ya kukataa. Kivinjari nacho kililileta jibu hilo kwa uaminifu. Aliyedanganya ni ukurasa wenyewe, au tuseme mtu aliyeuandika, kwa kuwa hakumwuliza tarishi alichojibiwa.

Tuliipunguza picha ukubwa, tukatuma tena, na safari hii ikaja 201, maana yake kitu kipya kimeandikishwa. Ombi lilifika. Lakini muhula mmoja wa masomo ulikuwa umepotea, na muhula hauna fidia.

Kilichoniuma zaidi kilikuja baadaye. Kijana aliyapekua maagizo ya ukurasa ule, ambayo mtu yeyote anaweza kuyasoma kwa kuwa hutumwa yote hadi kwenye kivinjari. Aliona kwamba awali ukurasa ulituma maombi yake kwa programu-jalizi moja ya kiunzi kiitwacho Vue. Mistari hiyo ya kale ilikuwa ingali imeachwa pale, imezimwa, kama magofu kando ya nyumba mpya. Mahali pake palikuwa pamewekwa njia nyingine iitwayo fetch. Aliyeibadilisha alibadilisha jina la tarishi tu, asijue kwamba tarishi mpya hurudi na habari kwa namna tofauti. Kijana akaniinulia macho, akasema: "Mwalimu, hata mimi ningekosea papo hapo. Ulitufunza jinsi ya kuandika. Hukutufunza kinachotokea tukishaandika."

Hakuwa akinivunjia heshima. Alikuwa akisema kweli. Ndiyo maana leo nataka tulizungumze jambo hili, walimu wenzangu, nanyi wanafunzi mnaojifunza ufundi huu.

Tuanze na viunzi vyenyewe. Vue ni kiunzi chepesi cha lugha ya JavaScript, kilichobuniwa na Evan You, ambaye hapo awali alikuwa mfanyakazi wa Google, kikatolewa kwa umma mwaka wa 2014. Kazi ya kiunzi cha namna hii ni kumpunguzia mwandishi wa programu mzigo wa kuupanga ukurasa: habari zikibadilika, ukurasa nao hubadilika bila kuandikwa upya. Sifa yake kubwa kwetu sisi tulio na tarakilishi chache na bando la kuhesabu ni wepesi wake. Kikibanwa huwa na uzito wa makumi machache tu ya kilobaiti, na mwanafunzi aweza kukianza kwa mstari mmoja ndani ya ukurasa wa kawaida, bila kusakinisha chochote. Kwa sababu hiyo walimu wengi tulikipenda, nami nikiwamo.

Lakini kiunzi hicho kiliachwa kimakusudi bila njia yake chenyewe ya kupeleka maombi kwa seva. Kazi hiyo ilifanywa na programu-jalizi iliyoitwa vue-resource. Ukishaiongeza, ungeandika this.$http.get na anwani, na habari zikaja. Mwaka wa 2016 niliwafunza wanafunzi wa chama chetu cha tarakilishi mstari huo. Niliuandika ubaoni, wakaunakili daftarini, wakauhifadhi kama tulivyohifadhi sisi majedwali ya hisabati. Nilijiona nimefunza.

Mnamo Novemba mwaka uo huo, Evan You alitangaza kwamba vue-resource haitakuwa tena programu-jalizi rasmi ya Vue. Sababu zake zilikuwa za busara. Alieleza kwamba kutuma maombi kwa seva si jambo linalohitaji kufungamana kwa undani na kiunzi, na kwamba kulikuwa na zana nyingine huru zilizofanya kazi hiyo vyema na kutunzwa kwa bidii zaidi. Akapendekeza Axios, iliyokuwako tangu mwaka wa 2014. Programu-jalizi ile haikufa siku hiyo. Iliendelea kufanya kazi kwa waliotaka kuitumia. Lakini kwa wanafunzi wangu, ambao elimu yao yote juu ya jambo hili ilikuwa mstari mmoja, ilikuwa kama kuambiwa kwamba ubao umefutwa.

Wapo watakaosema kwamba hiyo ilikuwa ajali ya zana moja. La hasha! Hebu tuitazame historia. Mnamo 1999 kampuni ya Microsoft ilikipa kivinjari chake, Internet Explorer 5, uwezo ulioitwa XMLHttpRequest, ili watu waweze kusoma barua pepe katika kivinjari bila ukurasa mzima kupakiwa upya kila mara. Mwaka wa 2005 Jesse James Garrett akaupa mtindo huo jina la Ajax, na dunia nzima ikaliimba. Mwaka wa 2006 ikaja jQuery ya John Resig, na kila kitabu kikafunza namna yake. Kisha ikaja AngularJS na namna yake, ambayo Google yenyewe ilikoma kuitunza mwishoni mwa mwaka wa 2021. Kati ya hizo zikaja vue-resource na Axios. Kuanzia mwaka wa 2015 vivinjari vyenyewe vikaanza kuja na fetch ndani yake, bila kuhitaji nyongeza yoyote. Mtu aliyekuwa akihifadhi mistari bila kuelewa alilazimika kuanza ujinga upya kila baada ya miaka michache.

Sasa tuyalinganishe hayo na makubaliano yenyewe ambayo zana zote hizo huyatumikia, yaani HTTP. Yalianza na Tim Berners-Lee katika kituo cha CERN huko Uswisi, na katika sura yake ya mwaka wa 1991 yalikuwa na kitenzi kimoja tu, GET, maana yake "nipe". Yakaandikwa kwa urefu zaidi mwaka wa 1996, yakapanuliwa mwaka wa 1997 na kurekebishwa 1999, na maana za istilahi zake zikapangwa upya katika waraka mmoja mwaka wa 2022. Njia za kuyasafirisha zimebadilika ili ziende kasi zaidi. Lakini GET ingali ni "nipe", na 404 ingali ni "hakipo hapa". Mwanafunzi aliyeyaelewa hayo mwaka wa 1996 angali anayaelewa leo, na hajadaiwa ada ya pili. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Je, makubaliano haya ni magumu kiasi cha kuwatisha watoto? Hata kidogo. Mtu anapobofya kitufe, kivinjari huandika barua fupi. Mstari wa kwanza huwa na kitenzi na anwani: nipe kitu fulani, pokea kitu hiki, weka hiki mahali pa kile, futa kile. Chini yake huja maelezo mfano wa yale ya juu ya bahasha: mtumaji anataka jibu kwa lugha gani, mzigo ni wa aina gani na una ukubwa gani. Kisha huja mzigo wenyewe, kama upo. Seva nayo hujibu kwa barua ya mtindo uo huo, ila mstari wake wa kwanza huwa na nambari ya tarakimu tatu. Tarakimu ya kwanza ndiyo kauli yenyewe. Ikiwa 2, jambo limetimia. Ikiwa 3, nenda kwingine. Ikiwa 4, kosa liko kwako wewe uliyeomba. Ikiwa 5, kosa liko kwangu mimi seva. Hayo ndiyo mambo ambayo mtoto anaweza kuyashika kwa alasiri moja na kuyatumia maisha yake yote.

Na hapa ndipo tunapomrudia mama muuza mboga. Programu-jalizi ile ya kale ilikuwa na desturi ya kumwonya mwandishi: jibu lolote ambalo nambari yake haianzi kwa 2 lilihesabiwa kuwa kushindwa, na likapelekwa kwenye mlango wa makosa. Axios nayo hufanya hivyo. Tarishi mpya, fetch, ana falsafa nyingine. Yeye husema: mimi nilitumwa kupeleka barua na kuleta jibu. Maadamu nimeleta jibu, kazi yangu imefaulu, hata kama jibu lenyewe ni "hapana". Kwake yeye kushindwa ni kushindwa kusafiri tu, kama vile mtandao kukatika. Ni juu ya aliyemtuma kuisoma barua, aulize kama jibu ni la heri. Kuuliza huko ni neno moja tu katika maagizo: response.ok. Neno hilo halikuwamo katika ukurasa wa basari. Kwa kukosekana kwake, kila "hapana" ya seva iligeuzwa kuwa "Asante".

Nani alaumiwe? Si fetch, kwa kuwa falsafa yake ina mantiki na imeelezwa wazi. Si vue-resource, iliyofanya kazi yake kwa wakati wake. Lawama ni ya mafunzo yaliyomfanya mtu aamini kwamba kutuma ombi ni kuandika mstari, badala ya kujua kwamba ni kuanzisha mazungumzo ambayo upande wa pili una haki ya kukataa.

Wala hatari haiishii kwenye fomu za basari. Fikiria malipo. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka wa 2007, fedha zetu zimehamia simuni, na tangu mwaka wa 2017 waunda programu wamekuwa na mlango uitwao Daraja wa kuziunganisha programu zao na huduma hiyo. Wanafunzi wengi huwania kuutumia katika miradi yao, na ni jambo la kujivunia. Lakini mlango huo hufunguliwa kwa ufunguo wa siri. Mwanafunzi aliyefunzwa mstari bila kufunzwa mazungumzo huuandika ufunguo huo ndani ya ukurasa, karibu na programu-jalizi yake, kwa kuwa mstari wake "unafanya kazi". Hajui kwamba yote yaliyomo ukurasani husafiri hadi kwa kila mgeni, na kwamba mgeni yeyote mwenye dakika mbili anaweza kuusoma. Ni sawa na mwenye duka aliyeufunga mlango, kisha akautundika ufunguo nje. Mahali pa siri ni kwenye seva yako mwenyewe. Ukurasa humwomba seva, na seva ndiyo inayoomba kwa niaba yake.

Fikiria pia mtandao wetu wenyewe. Mtu yumo katika matatu, amebofya "Lipa", na mawimbi yakapotea bondeni. Je, ombi lilifika na jibu likapotea njiani, au halikufika kabisa? Ukurasa haujui. Abiria akibofya tena, yamkini atalipa mara mbili. Makubaliano ya HTTP yalilitambua jambo hili zamani. Kuna vitenzi ambavyo kurudiwa hakuleti madhara: kuomba upewe kitu mara mbili, au kufuta kilichokwisha kufutwa, hakuongezi lolote. Lakini POST, kile kitenzi cha kukabidhi jambo jipya, hakina ahadi hiyo. Mwandishi anayeijua tofauti hukizima kitufe baada ya kubofywa mara moja, hulipa kila ombi alama yake ya pekee ili seva iweze kulitambua likirudiwa, na huweka kikomo cha muda wa kungoja. Nalitaja kusudi jambo hilo la kikomo, kwa kuwa fetch na Axios zote mbili, zikiachwa hivi hivi, hazijiwekei kikomo chochote. Katika jiji lenye mtandao wa kasi mtu huenda asilione kosa hilo. Katika kijiji ambako mawimbi huja na kwenda, mtu hutazama kiduara kikizunguka hadi betri iishe.

Najua kuna walimu wenzangu watakaonipinga, na hoja zao si za kupuuzwa. Wa kwanza atasema kwamba waajiri hawatafuti mjuzi wa HTTP. Matangazo yao hutaja Vue, hutaja React, hutaja majina. Kweli. Lakini mwajiri huandika jina la zana anayoitumia leo, ilhali mwanafunzi aliye kidato cha pili atafika mlangoni pake baada ya miaka kadhaa. Aliyeelewa ujumbe atajifunza tarishi wa siku hiyo kwa wiki moja. Aliyehifadhi jina la tarishi wa jana atakuwa na jina tu.

Wa pili atasema kwamba mwanafunzi akianzishiwa nadharia hukata tamaa, na kwamba kiunzi chepesi humwonjesha matunda mapema. Hoja hii naikubali kwa sehemu kubwa. Mimi sisemi Vue kitupwe, wala programu-jalizi zitupwe. Mtoto anapoona orodha ya majina ikijitokeza ukurasani kutoka kwa seva ya mbali, macho yake hung'aa, na mwalimu asiyeuthamini mng'ao huo amekosea kazi. Ninachosema ni kwamba mng'ao ule uwe mwanzo wa swali, usiwe mwisho wa somo.

Mwaka wa 2022 Taasisi ya Kustawisha Mitaala Nchini, KICD, iliidhinisha mtaala wa kufundisha uandishi wa programu katika shule za msingi na za upili. Hiyo ilikuwa hatua njema. Lakini mtaala ni karatasi. Mwalimu ndiye uhai wake. Kwa hivyo naomba nipendekeze mambo manne ambayo mimi mwenyewe nimeanza kuyafuata tangu siku ile kijana aliponiambia ukweli.

Kwanza, somo la awali lifanywe bila tarakilishi. Mwanafunzi mmoja awe kivinjari, mwingine awe tarishi, wa tatu awe seva, naye awe na daftari la kumbukumbu. Kivinjari aandike barua kwa kalamu: kitenzi, anwani, maelezo, mzigo. Tarishi aipeleke hadi upande wa pili wa darasa. Seva ajibu kwa nambari na maneno. Kisha mwalimu aharibu mambo kusudi: amzuie tarishi mlangoni, amwambie seva akatae, aipoteze barua ya jibu. Darasa lenyewe litagundua maswali ambayo mimi nilichelewa miaka mingi kuyagundua. Zoezi hili halihitaji umeme wala bando, na shule iliyo na tarakilishi moja kwa wanafunzi hamsini inaweza kulifanya sawa na shule ya kitaifa.

Pili, kabla ya kiunzi chochote, mwanafunzi afunguliwe lile dirisha la mtandao lililomo kivinjarini. Aitazame tovuti anayoipenda, ahesabu maombi yanayotoka, asome nambari zinazorudi, aone uzito wa kila mzigo. Wengi hushangaa kuona jinsi ukurasa mmoja unavyokula bando. Mwanafunzi aliyeliona hilo hataandika programu inayomwuliza seva kila sekunde kama kuna jipya.

Tatu, tuwavulie wanafunzi programu-jalizi nguo zake za kiganga. Katika Vue, programu-jalizi ni kitu kidogo chenye sehemu moja ya maagizo iitwayo install. Kiunzi huiita sehemu hiyo mara moja, nayo ikaongeza uwezo fulani ambao kurasa zote zitautumia. Mwanafunzi anayejua misingi aweza kuandika yake kwa mistari isiyozidi kumi na mitano: ichukue anwani, iite fetch, iulize kama jibu ni la heri, iweke kikomo cha muda, na irudishe ama habari ama kosa lenye maelezo. Aliyeunda tarishi wake mwenyewe mara moja hatamwogopa tena tarishi wa mtu mwingine, wala hatamwamini bila kumwuliza.

Nne, na hili ni la sisi watahini, alama zetu zifuate maadili yetu. Kwa miaka mingi nimeusahihisha mradi wa mwanafunzi kwa kubofya kitufe na kuona kama habari zimekuja. Sasa huanza kwa kukata mtandao. Kisha humwambia seva ikatae. Nusu ya alama nazitoa kwa yale ambayo programu humwambia mtu mambo yanapoharibika: je, humwambia kweli? Humwambia kwa lugha anayoielewa? Humwonyesha la kufanya? "Picha yako ni kubwa mno, ipunguze kisha utume tena" ni maneno machache tu. Lau yangalikuwa katika ukurasa ule, binti yule angalikuwa darasani muhula mzima.

Nanyi wanafunzi, nina neno moja kwenu. Mtaandika kurasa ambazo watu msiowajua watazitegemea: mkulima anayeulizia bei ya mahindi, mgonjwa anayeweka miadi, mzazi anayetuma karo. Watu hao hawataona maagizo yenu. Wataona neno mlilowaandikia tu, nao wataliamini kama mtu anavyoamini neno la mwungwana. Msiandike "Asante" mahali ambapo hamjajua kama kuna la kushukuriwa.

Binti yule amerejea shuleni. Mama yake alinieleza juzi, akiwa anafunga mafungu yake ya sukuma wiki, kwamba siku hizi kila akituma jambo kwa simu humwuliza bintiye: "Una hakika wamepokea, au ni simu tu inasema?" Hajui HTTP ni nini, na hajapata kusikia jina la Vue. Lakini swali lake ndilo swali lenyewe. Ningefurahi iwapo mhitimu wa darasa langu angeliuliza kabla yake.